NPR Haikustahili Kuvikwa Kichwa cha Bedford

Lile lori la Bedford TK lililofufuliwa kwenye gereji moja ya Malindi limeshaonekana na kila mpenda malori kuanzia Mtwapa hadi Marereni, aliyekutana nalo barabarani na aliyetumiwa video yake kwa simu. Limesifiwa sana, na baadhi ya sifa hizo linastahili. Lakini kichwa cha TK kukalishwa juu ya chesisi ya Isuzu NPR ni kosa, na kosa lenyewe lilifanyika kabla msumeno haujagusa chuma.

Yaliyofanywa vizuri nayataja hapa kwa pamoja: bodi imenyooshwa bila kubandikwa pati nene, nyaya ni mpya, breki zimefunguliwa zote nne, na mabano ya kichwa yamefungwa kwa bolti ubavuni mwa reli badala ya kuchomelewa ukingoni. Ni kazi ya mafundi wanaojua kazi. Ndiyo maana uamuzi wa chesisi unaniuma zaidi.

TK si kichwa tu. Bedford walipoileta sokoni wakati miaka ya 1960 inaanza, wahandisi wa Luton walikuwa wameshaamua jambo moja, na lori zima likapangwa kulifuata: injini ikae nyuma ya viti. Malori mengi ya pua bapa ya enzi hizo yalimweka dereva bega kwa bega na injini. Fiat 682, ambayo madereva wa Afrika hawataisahau, ilikuwa na nundu ya injini humo humo ndani, katikati ya dereva na utingo. TK ikaisukuma nyuma. Sakafu ikawa tambarare, watu watatu wakakaa bila kugombania pa kuweka miguu, na joto likabaki nyuma ya mgongo. Kichwa hakikuhitaji kuinamishwa, kwa sababu kila ubavu nyuma ya mlango kulikuwa na kifuniko: fundi anasimama chini, anafunua, anaifikia injini. Ule mkato nyuma ya mlango, ambao ndio unaokufanya uitambue TK kutoka mbali, umewekwa hapo kwa kazi hiyo.

NPR imepangwa kwa wazo jingine. Injini iko chini ya viti, na kichwa chake kimetengenezwa kiinamishwe mbele ili fundi aione. Sakafu ya NPR, kinga yake ya joto, bawaba zake na kufuli yake, vyote vimepangwa kuizunguka injini iliyo pale. Ni lori zuri sana likiwa NPR. Barabara ya Mombasa–Malindi imejaa ushahidi wa hilo, kwa mizigo na kwa abiria wa NQR ndugu yake.

Sasa ukikiondoa kichwa kinachoinama na kuweka kisichoinama, injini ikabaki palepale, una njia tatu tu, na zote ni mbaya.

Ya kwanza ni kuinua kichwa hadi sakafu ipite juu ya injini. Lori linasimama kama limeshtuka, ukingo wa chini wa kichwa unaachana na tairi, shina la usukani linahitaji kiungo cha ziada, na ile hatua fupi ya kupandia, iliyofanya madereva waipende TK, inapotea. Ya pili ni kukata sakafu na kujenga nundu. Hapo umeirudisha ile nundu ambayo TK ilibuniwa kuiondoa. Ya tatu ni kurudisha injini nyuma hadi mahali pa TK. Hiyo ndiyo pekee yenye heshima, lakini gharama yake inaanza papo hapo: shikio za injini mpya, chuma cha kukingama kihamishwe, propsha ikatwe na kusawazishwa upya, kebo za gia zirefushwe. Ukimaliza hayo yote, NPR imekupa nini ambacho chesisi ya Bedford isingekupa?

Gereji yetu ilichanganya ya kwanza na ya pili. Kichwa kimeinuliwa kiasi, sakafu imekatwa kiasi, na nundu imefunikwa kwa zulia. Tazameni tena ile sehemu ya video fundi anapofungua kifuniko cha ubavuni. Ndani hamna injini. Kuna nafasi tupu, betri na jeki. Kifuniko kilichobuniwa ili mtu aifikie injini sasa ni kabati, na injini yenyewe imefichwa chini ya zulia, katikati ya watu wawili, katika mji ambao Machi peke yake inatosha kumtoa mtu jasho.

Tuyafikirie na matengenezo. Siku nozeli itakapovuja, au vali zitakapohitaji kupimwa, kwenye NPR halisi fundi angefungua kufuli, akainamisha kichwa na kuanza kazi. Kwenye TK halisi angefunua ubavu. Kwenye hili atang'oa viti, atakunja zulia, atafungua bamba la nundu, kisha afanye kazi amepiga magoti ndani ya kebini akiwa na nafasi ya mkono mmoja. Kazi kubwa zaidi ya hapo, kama kutoa silinda hedi, itadai kichwa kizima kishushwe kwa winchi. Lori limepokonywa njia zote mbili za kuifikia injini, ya Luton na ya Japani, na mahali pake hapakuwekwa kitu.

Kuna pia tairi. TK za mizigo mizito zilisimama juu ya rimu za inchi 20, na matao ya kichwa yalichorwa kwa kimo hicho. NPR ina rimu za inchi 16. Hata asiyejua lolote kuhusu malori ameona kwamba pale mbele kuna kitu hakikai sawa: tairi ndogo imepotelea ndani ya tao kubwa, na kuinuliwa kwa kichwa kumeongeza pengo. Rangi nzuri haizibi pengo hilo.

Najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia kila gereji ya pwani hii: spea zinapatikana. Neno hilo limeua malori mengi mazuri kuliko kutu. Ni kweli kabisa kwamba spea za Isuzu zinapatikana hadi kwenye duka la pembeni Gongoni, na kwamba za Bedford ni za kutafuta. General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford mwaka 1986, na kampuni ya AWD iliyorithi kazi hiyo ikaanguka mwaka 1992. Lakini spea zinazosumbua ni za injini, giaboksi na breki. Reli ya chesisi haina spea. Ni chuma kilichokunjwa, riveti na vyuma vya kukingama, na fundi yeyote mwenye mashine ya kukunjia bamba anaweza kukitengeneza upya. Ukitaka injini ya Isuzu, chukua injini ya Isuzu. Hakuna aliyekulazimisha kuchukua na lori lililo chini yake.

Na injini ya kufaa ipo. TK ya dizeli iliyozoeleka ilikuwa na silinda sita za inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4. Isuzu 6BD1, iliyobeba mizigo ya nchi hii ndani ya lori la TXD, ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja vilevile, lita 5.8. Sita kwa sita, mstari kwa mstari, nguvu zisizoishinda chesisi wala difu. Wapakistani, ambao Bedford kwao bado ni lori la kazi, wamekuwa wakizipa injini za Kijapani kwa miaka mingi na kuziacha zisimame juu ya chesisi zake. Ukiiweka 6BD1 nyuma ya viti, sakafu inabaki tambarare, vifuniko vya ubavuni vinabaki na kazi yake, na spea unazinunua dukani siku hiyohiyo. Kila hoja iliyotolewa kuitetea NPR inajibiwa hapo, na TK inabaki TK.

Nitasikia tena: chesisi yake ya asili ilikuwa imeoza. Huenda, na hapa narudi kwenye jambo ambalo sitachoka kulisema. Chesisi iliyofanya kazi ya chumvi kati ya Gongoni na Marereni isihesabiwe kuwa chesisi hadi igongwe nyundo hatua kwa hatua. Chumvi haianzii usoni. Inajipenyeza kati ya reli na bamba la kuimarishia, pale pasipofika brashi wala rangi, kutu inafura, na riveti zinaanza kuvutika. Kwa nje unaona chuma cheusi kilichopakwa oili chafu, kwa ndani ni maganda. Waliobeba mawe ya matimbo ya Vipingo na Jaribuni walizipinda chesisi zao, lakini chuma kilichopinda kinanyooshwa. Kilicholiwa na chumvi hakirudi.

Dawa yake ni kwenda kuitafuta chesisi ya Bedford bara, Voi, Taru au Machakos, kwenye yadi zenye ukavu, ambako lori linaweza kulala nyuma ya ghala miaka mingi na reli zake zikabaki na mlio. Huo ndio uchaguzi wa chesisi: unapima umbali kati ya ekseli, unapima upana wa reli, unauliza injini inakaa wapi, unagonga nyundo, ndipo unatoa pesa. Kununua NPR kwa sababu ilikuwa inauzwa karibu ni kuchagua kwa miguu. Rahisi yavunja upishi.

Wazee walilijua hili. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, kila lori lililotoka Mombasa kwenda Malindi lilipanda feri. Pale ndipo ulipoona chesisi imepangwa na mtu anayejua: tairi za mbele zinapanda, chuma kinajikunja kidogo, kichwa kinabaki kimetulia. Lori lililoundwa vibaya lilijulikana palepale, kwa kukwaruza na kwa milango kufunguka yenyewe. Leo daraja limelainisha mambo, na makosa yanaendeshwa kilomita nyingi kabla ya kujulikana.

Na ukitaka mfano mkubwa zaidi, mkumbuke Joginder Singh. Mwaka 1965 alishinda mbio za magari za Safari akiwa na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwishashiriki mashindano ya mwaka uliotangulia, likapigwa na barabara zetu na kubaki hapa. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alilitazama gari lililochoka, akajua msingi wake ni mzuri, akalijenga upya likiwa lilelile. Hakutafuta Volvo ya kuvisha juu ya kitu kingine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, lakini ushindi wa 1965 ndio unaopaswa kusomeshwa kwenye gereji, kwa sababu ulianza na jicho la mtu anayejua kuchagua msingi.

Liko pia suala la karatasi, ambalo halikuguswa kabisa kwenye video. Logibuku hufuata namba ya chesisi. Lori lile, kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, si Bedford tena. Ni NPR iliyobadilishwa umbo, na mwenyewe atakuwa na maelezo ya kutoa kila mwaka kwenye ukaguzi na kila mara bima itakapouliza. Historia ya ile Bedford, na namba iliyopigwa kwenye reli yake, imeishia kwenye mizani ya muuza chuma chakavu. Nchi hii hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Bedford tulizo nazo ndizo hizi. Kila chesisi ya TK inayokatwa vipande Malindi au Kilifi ni moja iliyopungua, na hakuna meli itakayoshusha nyingine Kilindini.

Hukumu yangu ni hii: bodi ni ya daraja la kwanza, chesisi ni ya lori jingine. Kwa kuwa mabano yamefungwa kwa bolti, kosa bado linarekebishika. Kichwa kinaweza kushushwa bila kukata kitu, na sakafu inaweza kurudishiwa bamba lake. Namsihi mwenye lori afanye hivyo, aiuze NPR ikiwa nzima kwa mtu wa mizigo, na aitafute chesisi ya Bedford bara. Na wewe mwenye TK iliyolala nyuma ya nyumba, Mnarani, Ganda au Mambrui, usimwite muuza chuma wala usinunue lori la pili. Chukua nyundo na futi kwanza, ukaipime chesisi uliyo nayo.