Lita 180 kwa Siku: Jinsi Kazi ya Figo Ilivyopimwa

Rudolf Heidenhain, mwanafiziolojia wa Breslau katika karne ya 19, alikuwa na hesabu moja aliyoitegemea sana. Mtu mzima hutoa takriban gramu 35 za urea kwa siku. Damu yake ina urea kidogo mno, kama nusu gramu kwa lita. Basi, ikiwa mkojo ni damu iliyochujwa tu, figo zitalazimika kuchuja lita 70 kila siku ili kuitoa urea hiyo yote. Lita 70, na mtu mwenyewe anakojoa lita moja na nusu! Heidenhain akaona jambo hilo haliwezekani, na wasomi wengi wa Ulaya wakakubaliana naye.

Hesabu yake haikuwa na kasoro kubwa. Aliloshindwa ni kuliamini jibu lake mwenyewe. Leo tunajua kwamba figo mbili za mtu mzima huchuja karibu lita 180 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiasi kilichomtisha. Namna watu walivyolifikia jibu hilo, kwa kutumia vyura, kioo na sukari ya mizizi, inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Ugomvi ulianza mwaka 1842. William Bowman wa London aliingiza rangi kwenye mishipa ya damu ya figo, akachunguza kwa hadubini, na akakamilisha picha ambayo Marcello Malpighi alikuwa ameiona nusunusu tangu 1666. Ndani ya figo kuna vifundo vya mishipa myembamba ya damu. Kila kifundo kimekaa ndani ya kikombe, na kikombe hicho ndio mwanzo wa mrija mrefu uliojipindapinda. Kifundo, kikombe na mrija kwa pamoja tunaviita nefroni, na kila figo ina takriban milioni moja.

Umbo likajulikana, lakini kazi yake ikabaki mabishano. Bowman alidhani kifundo hutoa maji matupu, kisha kuta za mrija ndizo huongeza taka. Wakati huohuo, huko Marburg, Carl Ludwig alisema kinyume: shinikizo la damu husukuma maji pamoja na kila kitu kidogo kilichoyeyuka ndani yake hadi kwenye kikombe, halafu mrija hurudisha sehemu kubwa mwilini. Heidenhain aliegemea upande wa Bowman, na hakuwa na hesabu tu. Aliwadunga wanyama rangi ya buluu, akaikuta imejikusanya kwenye seli za mirija wakati vifundo havina rangi. Huo ni ushahidi, hauwezi kupuuzwa.

Shida ni kwamba nadharia zote mbili zinaishia kwenye mkojo uleule. Ukiupima mkojo wa kibofuni, unapima matokeo ya mwisho. Mirija miwili inayoshuka kutoka figoni, kila mmoja una urefu wa sentimita 25 hadi 30, huusukuma mkojo kwa kujibana kidogokidogo. Kibofu huuhifadhi, na mtu huanza kuhisi kubanwa sana unapokaribia mililita 400 au 500. Kwa binadamu, hakuna cha maana kinachobadilika humo njiani. (Madaktari wa njia ya mkojo wataniwia radhi, kwa swali letu, uhondo wote uko juu.) Aliyetaka kumaliza ubishi alipaswa kuyapata majimaji ya ndani ya kikombe chenyewe, kabla mrija haujayagusa.

Kazi hiyo ilifanywa Philadelphia, kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na Alfred Newton Richards akishirikiana na daktari kijana Joseph Wearn, aliyejiunga naye mwaka 1921. Walimchagua chura kwa sababu nzuri: figo yake ni nyembamba, na vifundo viko karibu na uso wake, hivyo ukiielekezea mwanga unaviona kwa hadubini damu ikipita ndani yake, mnyama angali hai. Walivuta mrija wa kioo kwenye moto hadi ncha yake ikabaki na upana wa mikromita chache, wakaiongoza hadi kwenye kikombe kimoja, wakakitoboa bila kukigusa kifundo, kisha wakayanyonya majimaji polepole.

Kutoboa kulikuwa nusu ya kazi. Kilichopatikana ni kitone kidogo kuliko tone lolote ambalo kemia ya siku hizo ilizoea kulipima. Ikabidi maabara ibuni vipimo vyake yenyewe: kuchanganya kitone hicho na kemikali ndani ya vijirija vyembamba vya kioo, kisha kulinganisha rangi yake na rangi ya vijirija vyenye kiasi kinachojulikana. Mimi naona hapo ndipo ushindi ulipopatikana. Wazo sahihi la Ludwig lilikuwapo kwa miaka 80, lakini hakuna aliyekuwa na kipimo kidogo cha kutosha kulithibitisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1924. Majimaji ya kikombeni hayakuwa na protini, lakini yalikuwa na sukari na kloridi, hata pale mkojo wa kibofuni wa chura yuleyule ulipokuwa hauna sukari kabisa. Maana yake ni moja: sukari ilimwagwa na kifundo, ikarudishwa na mrija. Kwa hakika jaribio la 1924 lilionyesha kuwapo kwa vitu tu. Ilichukua miaka mingine ya vipimo kuonyesha kwamba viwango vyake kikombeni vinalingana na vya kwenye damu, na ni mwaka 1941 tu ambapo kundi la Arthur Walker lilitoboa figo za panya na wanyama wengine wanyonyeshao.

Na rangi ya buluu ya Heidenhain? Nayo ilikuwa kweli. Mtafiti E. K. Marshall alichunguza samaki wa baharini ambaye figo yake haina vifundo hata kimoja, na bado anakojoa. Kwa samaki huyo, mrija ndio unaofanya kila kitu. Kwa hiyo mrija wetu nao hurudisha vingi, lakini pia huongeza baadhi ya vitu moja kwa moja. Kambi zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, ingawa ya Ludwig ilikuwa kubwa zaidi.

Ilibaki kumpima binadamu, ambaye hatobolewi figo. Homer Smith wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walitafuta kitu kinachopita kwenye kifundo bila kizuizi, ambacho mrija haukirudishi wala haukiongezi, na ambacho mwili haukitumii. Katika miaka ya 1930 walikipata: inulini, aina ya wanga inayopatikana kwenye mizizi ya baadhi ya mimea. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kila mililita ya maji ya damu ina miligramu 1 ya inulini, na kwa dakika moja mgonjwa anatoa mkojo wenye miligramu 125. Inulini hiyo haikuwa na njia nyingine ya kuingia mkojoni ila kuchujwa, kwa hiyo mililita 125 za maji ya damu zilichujwa katika dakika hiyo. Zidisha kwa dakika 1,440 za siku: lita 180.

Ndani ya lita hizo mna karibu kilo moja na nusu ya chumvi, na takriban gramu 180 za sukari. Mtu mzima mwenye afya huirudisha sukari yote, na chumvi karibu yote. Sukari ya damu ikizidi kiasi cha miligramu 180 kwa desilita, mirija huelemewa, ya ziada hupita na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mwenye kisukari hukojoa sana na kiu haimwishi, na ndiyo maana sisimizi hukusanyika pale alipokojoa.

Kwa nini mwili ufanye kazi ya kutoa kila kitu uani kisha kurudisha ndani unachokitaka? Smith alilisaka jibu hadi kwetu. Mwaka 1928 alikuja Kisumu kuchukua kamongo wa Ziwa Victoria, samaki mwenye mapafu anayeweza kujichimbia topeni ziwa likikauka. Alikuta kwamba wakati huo kamongo hakojoi kabisa, na urea hulimbikizana mwilini mwake hadi maji yarudi. Smith akahitimisha kwamba mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo waliishi kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, na kifundo kiliumbika ili kutoa maji ya ziada. Hapo simfuati: yuko samaki wa kale wa baharini, mwenye vifundo, ambaye hana maji ya ziada ya kutoa. Faida ninayoiona ni nyingine. Figo inayomwaga kila kitu kidogo na kurudisha vichache inavyovijua hutoa hata sumu ambayo mwili haujawahi kukutana nayo.

Hospitalini leo hatutundikiwi inulini. Maabara hupima kreatinini, taka ya misuli, kisha hukadiria uchujaji kwa kuzingatia umri na jinsia. Kreatinini peke yake hudanganya: figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wao kabla namba hiyo haijavuka kiwango cha kawaida, hasa kwa mzee au mtu mwenye misuli michache. Ukipewa karatasi yenye kreatinini tu, hata kama imeandikwa kwamba iko sawa, mwombe daktari akukokotolee na kiwango cha uchujaji, hasa ikiwa una kisukari au shinikizo la damu.