Hans Andersen na Kifaranga Wake

Kisa cha kifaranga wa bata asiye na sura njema kimesimuliwa katika madarasa mengi, hata watu hudhani ni hadithi ya kale isiyo na mwenyewe. Sivyo. Mtungaji wake ni Hans Christian Andersen, mtu wa Denmark, naye alikitoa mwaka 1843.

Alizaliwa Odense mwaka 1805. Baba yake, fundi viatu, alikufa mwaka 1816. Mama yake alifua nguo za watu. Mwaka 1819, naye ana miaka 14, aliaga kwao akaenda Copenhagen kutafuta kazi katika nyumba ya michezo. Sauti yake ikavunjika, umaskini ukamwandama. Ndipo Jonas Collin, mmoja wa wakuu wa nyumba ile, alipomhurumia, akampatia fedha za mfalme ili asome. Mwaka 1822 akatiwa shuleni Slagelse, kijana wa miaka 17 akiketi pamoja na watoto wadogo. Mwalimu mkuu alimdhihaki mara nyingi. (Sisi tushikao chaki na tuyasome hayo polepole.)

Kijitabu chake cha kwanza cha hadithi za watoto kilitoka mwaka 1835. Wahakiki wengine walimlaumu kwa kuandika kama watu wasemavyo. Mimi ni upande wake, kwani mtoto husikia kwanza, ndipo asome. Tazama yule askari wa bati: ana mguu mmoja kwa sababu kijiko kikuukuu alichoyeyushiwa hakikutosha. Hiyo ndiyo sababu aitoayo fundi, wala haina machozi. Walakini msikilizaji huanza kumpenda askari papo hapo.

Lakini nina neno na kile kifaranga. Yasemwa kuwa haidhuru kuzaliwa katika ua wa bata, maadamu umetoka katika yai la ndege yule mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu. Hakufundishwa na mtu. Hata mkulima aliyemtoa katika barafu asahauliwa upesi. Masika yaja, atazama majini, na tazama, amekwisha kuwa mzuri! Andersen mwenyewe hakupata hivyo. Alilishwa, akavikwa, akasomeshwa miaka mingi kwa fedha za wengine, na nyumba ya Collin ikawa kama kwao.

Siku moja nilipomaliza kuisimulia, mvulana aliyekuwa wa mwisho darasani aliuliza, "Na yule aliye bata kweli, Mwalimu, je?" Sikuwa na jibu. Hadithi yenyewe haina jibu pia, na hilo nalihesabu kuwa kosa lake, ingawa ni nzuri kupita nyingi nizijuazo.

Tangu siku ile, kifaranga akiisha kuruka, siwaachi watoto watoke. Huwasimulia na habari za Collin, jinsi alivyokwenda kuomba fedha kwa ajili ya mtoto wa mfua nguo, asiye wake, wala asiyejua bado kuandika lugha yake sawasawa.