Shahidi wa Mwezi: Kuona, Kuonyeshwa na Kusikia katika Kumbukumbu za Apollo

Katika maandishi yanayoadhimisha safari ya kwanza ya binadamu mwezini, kuna sentensi iliyogeuka kuwa bismillahi ya kila mwandishi: kwamba usiku ule dunia nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Imerudiwa katika vitabu, filamu na hotuba za kila maadhimisho, hata imeacha kuwa dai na kuwa desturi. Makadirio ya kawaida yanasema watazamaji walikuwa kiasi cha milioni 600. Dunia ya Julai 1969 ilikuwa na watu zaidi ya bilioni tatu na nusu. Maana yake ni kwamba kati ya kila watu sita, takriban watano hawakutazama chochote. Sentensi inayojidai kuwakusanya wanadamu wote, kwa kweli, inawahesabu wachache na kuwasahau wengi.

Wengi hao wanajumuisha sehemu kubwa ya wasemaji wa Kiswahili. Neil Armstrong alipoukanyaga mwezi, Afrika Mashariki ilikuwa saa 11:56 alfajiri ya Jumatatu, tarehe 21 Julai. Kenya na Uganda zilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini kwa wenye uwezo, na zaidi mijini. Tanzania haikuwa nayo kabisa. Zanzibar iliianza 1973, na Bara ikangoja hadi 1994. Zaidi ya hayo, mwezi wenyewe haukuwepo juu. Ulikuwa mwezi mchanga, haujafika nusu, na kufikia alfajiri ulikuwa umekwisha kuchwa. Mtu aliyetoka uani na kuinua macho asingeona ila nyota na weupe wa asubuhi. Alichokuwa nacho ni redio na maneno ya jirani.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo fasihi ya kumbukumbu za Apollo haijalijibu sawasawa: aliyesikia tu, je, ana kumbukumbu ya tukio lile, au ana habari zake tu? Swali hili si dogo. Likijibiwa kwamba kumbukumbu ni ya aliyetazama, basi kizazi kizima cha Waswahili kimekosa fungu katika tukio linaloitwa la wanadamu wote. Wajukuu wao waliokulia London au Toronto hubaki kurithi kumbukumbu za majirani zao.

Utamaduni wa Kiswahili unayo mizani ya kulipima jambo hili, nayo haikutungwa kwa ajili ya Apollo. Kila mwaka, Ramadhani inapokaribia kuingia au kutoka, huulizwa nani ameuona mwezi. Anayedai kuuona haaminiwi kwa sababu tu amesema. Huulizwa aliuona wapi, wakati gani, upande upi wa machweo, na pamoja na nani. Uadilifu wake hupimwa kabla ya neno lake kupokewa. Kisha huja mjadala usiokwisha, kuanzia Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hadi miji ya ughaibuni: je, mwezi ulioonekana nchi nyingine unawafunga watu wa hapa, au kila eneo lina matlai yake? Mtu wa nje huenda akaona ni ugomvi wa kalenda. Kwa undani wake ni mjadala kuhusu ushahidi: nani anaweza kumshuhudilia nani, na habari ikivuka bahari inabaki na nguvu kiasi gani.

Mizani hii inatenganisha vitendo vitatu ambavyo maandishi ya Apollo huvichanganya. Kuona ni kitendo cha aliyekuwepo. Kuonyeshwa ni kitendo cha aliyeletewa picha iliyochaguliwa na mwingine. Kusikia ni kitendo cha aliyepokea neno na kulazimika kumpima msemaji. Aliyeonyeshwa hujiona kuwa ameona, kwa kuwa macho yake yalifanya kazi; kumbe yu karibu zaidi na aliyesikia. Tofauti ni kwamba aliyesikia anajua kuwa amesikia.

Ukivipima vitabu mashuhuri vya Apollo kwa mizani hii, sifa zake zinabadilika. Norman Mailer, katika Of a Fire on the Moon, alikuwa na kila sababu ya kujiita shahidi. Alikuwepo Florida roketi iliporuka, na alikuwepo Houston wanaanga walipotembea mwezini. Lakini Houston hakuona zaidi ya mtu yeyote mwenye televisheni nyumbani. Alikaa pamoja na waandishi wa habari wenzake wakitazama kiwambo. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu kwa majivuno, kwa sababu Mailer anajitaja humo kwa nafsi ya tatu na kujipa jina la Aquarius. Lawama hiyo ina haki yake, kwa maana zipo kurasa ambamo Aquarius anauziba mwezi. Hata hivyo, nafsi hiyo ya tatu inafanya kazi ya uaminifu: inamwekea msomaji mtu anayeonekana waziwazi kuwa yuko mbali na jambo analolisimulia, anayehangaika kwa kuwa amesafiri hadi mlangoni na bado ameletewa picha. Kitabu kinapata nguvu pale kinapokiri umbali, na kinaipoteza pale kinapojifanya kuuona moyo wa mashine.

Kinyume chake ni Michael Collins. Kitabu chake Carrying the Fire, cha 1974, alichokiandika mwenyewe bila mwandishi wa kukodiwa, mara nyingi husifiwa kuwa bora kuliko vyote vilivyotoka mikononi mwa wanaanga. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni ucheshi na ulaini wa lugha yake. Ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Collins ndiye aliyebaki katika chombo kilichozunguka mwezi wenzake waliposhuka. Katika kila mzunguko alipita nyuma ya mwezi kwa zaidi ya dakika 45, bila mawasiliano na mtu yeyote. Kwa hiyo mtu aliyekuwa karibu na tukio kuliko wanadamu wote, ukiwaondoa wawili, hakuitazama televisheni ile wala hakuwaona wenzake wakitembea. Kitabu chake ni cha msikilizaji. Yeye mwenyewe anakanusha kuwa alijihisi mpweke, na anaeleza hali yake kwa utulivu wa mtu anayejua mipaka ya alichokishuhudia. Msomaji wa Dar es Salaam aliyepokea habari kwa redio ana undugu na Collins kuliko alivyo nao na mtazamaji wa New York, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Picha nazo, ambazo zinadhaniwa kuwa ushahidi usiopingika, zina kasoro zinazostahili kusomwa kama kasoro za matini. Kamera kwa muda mwingi ilikuwa mikononi mwa Armstrong, na kwa hiyo karibu picha zote maarufu za mtu aliyesimama mwezini katika safari hiyo ni za Buzz Aldrin. Mtu wa kwanza anaonekana kama kivuli, au kama umbo dogo katika kioo cha kofia ya mwenzake. Ama picha za televisheni, zilipokelewa kwenye vituo vya California na Australia katika mfumo ambao televisheni za majumbani hazikuweza kuutumia, zikageuzwa ndipo zikarushwa, na ubora ukapungua njiani. Kanda zilizohifadhi picha zile za awali zilitafutwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba inaelekea zilikwisha kufutwa ili zitumiwe tena. Kilichobaki katika kumbukumbu za mamilioni ni nakala, na asili haipo.

Hapa pana hatari ya kuteleza. Wapo wanaochukua mapungufu ya namna hii na kuyafanya hoja kwamba safari yenyewe haikuwapo. Hoja hiyo haina miguu. Safari sita zilishusha watu kumi na wawili na kurudi na kilo 382 za mawe na udongo. Na vioo vilivyoachwa mwezini na Apollo 11, 14 na 15 vinarudisha miale ya leza inayotumwa kutoka duniani hadi leo. Ukweli wa tukio haukutegemea kumbukumbu ya mtu yeyote. Kinachohojiwa ni ukweli wa kumbukumbu, na hayo ni mambo mawili. Mwezi huandama hata kama mawingu yamewanyima watu wote kuuona. Shahidi mwongo huharibu ushahidi, haharibu mwezi.

Kasoro ya pili ya kumbukumbu za hadhara iko katika neno dogo: «sisi». Kibao kilichoachwa mwezini kilitaja wanadamu wote, na wasimulizi wakaendelea kutumia wingi huo kana kwamba haukuwa na wapinzani. Lakini tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya roketi kuruka, Mchungaji Ralph Abernathy aliongoza maandamano ya familia maskini hadi karibu na uwanja wa kurushia, wakiwa na nyumbu na mikokoteni, na mkuu wa NASA, Thomas Paine, akatoka kuzungumza naye. Kura za maoni za muongo ule mara nyingi zilionyesha kwamba Wamarekani wengi waliona serikali inatumia fedha kupita kiasi angani. Furaha ya umoja inayosimuliwa leo imekolezwa rangi baadaye.

Katika utupu huo ndimo shairi la Gil Scott-Heron, «Whitey on the Moon», la 1970, linapopata thamani yake. Kwa kuweka maradhi, kodi ya nyumba na panya upande mmoja, na mzungu aliyeko mwezini upande wa pili, mshairi haukanushi ushindi. Anauliza bili imepelekwa kwa nani. Mara nyingi shairi hili husomwa kama kelele ya hasira. Hakika ni hati ya ushahidi, na lina kila sharti la shahidi mwema: msemaji anajulikana, mahali panajulikana, na hasemi ila lililompata yeye na wa nyumbani kwake. Kwa mizani ya ushuhuda, beti zake chache zinawazidi waandishi wengi wa kurasa mia tano wanaowasemea wanadamu wote.

Kitabu cha Margot Lee Shetterly, Hidden Figures, cha 2016, kimeendeleza kazi hiyo kwa njia nyingine: kimewarudisha katika hadithi wanawake weusi wa Langley waliofanya hesabu, akiwemo Katherine Johnson aliyehakiki mahesabu ya safari ya John Glenn. Kitabu hicho kinastahili sifa zake. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili kinafungua mlango ambao lazima aupite mwenyewe. Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, mojawapo ya vituo vilivyomfuatilia na kuzungumza naye kilikuwa Unguja, Tunguu. Kituo kilijengwa kufuatia makubaliano ya 1960 baina ya Marekani na Uingereza, iliyokuwa mlinzi wa Zanzibar wakati huo. Wapo wananchi waliokipinga, wakihofia kwamba ni kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kiondolewe, na kufikia Aprili mwaka huo kazi zake zilikuwa zimekoma. Hivyo njia iliyoelekea mwezini ilipita Tunguu, ikaondoka Tunguu, na Apollo 11 ilipofika ilikofika, Unguja ilipata habari kwa redio kama wengine.

Hiyo si hadithi ya watu waliosimama pembeni. Ni hadithi ya mahali palipotumika, pakabishaniwa, pakafungwa. Iko pia habari ya Malindi, ambako Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ile ikaitwa Uhuru, na kwa jina hilo imebaki katika vitabu vya elimu ya nyota. Neno la Kiswahili limo katika historia ya anga. Masimulizi ya Kiswahili kuhusu historia hiyo ndiyo machache.

Uchache huo hautaondolewa kwa kuiga kumbukumbu za wengine. Mwandishi wa Kiswahili anayejilazimisha kusimulia kiwambo ambacho babu yake hakuwa nacho anatoa ushahidi wa uongo, hata kama tukio ni la kweli. Kinachohitajika ni kumbukumbu ya kusikia, iandikwe kama kusikia: redio ilikuwa ya nani, ilisema kwa lugha gani, nani alisadiki papo hapo na nani alicheka, na nani alisema mwezi wa Mungu haukanyagwi. Shaka hiyo nayo ni sehemu ya historia, na isifichwe kwa haya. Wazee waliokuwa na miaka ishirini mwaka ule sasa wamevuka sabini na mitano, wengine wakiwa Muskati, Birmingham au Ohio pamoja na watoto wao. Wanaweza bado kuulizwa yale maswali ya zamani: ulikuwa wapi, wakati gani, pamoja na nani, na ulilipata kwa mdomo wa nani.