Jicho la Fundi wa Taa

Ukumbini kuna kazi ambayo mtazamaji huigundua pale tu inapofanywa vibaya: kulinganisha rangi ya jeli, ile karatasi ya rangi iwekwayo mbele ya taa, na rangi ya taa zinazogeuka na kujichanganyia rangi zenyewe. Huku ipo taa ya zamani ya halojeni, imefunikwa jeli. Pembeni yake imetundikwa taa mpya. Zote zinamwangazia mwigizaji mmoja, na akitembea kutoka mwanga huu kwenda ule, uso wake usibadilike.

Nimemtazama fundi mmoja Nairobi akiifanya kazi hii. Hakuanza na rangi, alianza na weupe. Mwanga wa halojeni una umanjano, kiasi cha Kelvini 3200, ilhali taa yake mpya, yenye balbu ya gesi, ilikuwa na weupe wa kibuluu unaozidi Kelvini 6000. Akaingiza kichujio cha kaharabu polepole mpaka weupe wa pande zote mbili ukakubaliana juu ya kitambaa cheupe. Ndipo akavigusa vichujio vitatu vya rangi vilivyo ndani ya taa mpya: sayani, majenta na manjano. Jeli aliyoifuata ilikuwa Rosco 02, kaharabu yenye uwaridi kwa mbali, rafiki wa ngozi. Majenta kidogo. Ikazidi, akairudisha. Kila baada ya muda aligeuza uso akatazama gizani, maana jicho likikaa mno kwenye rangi moja huizoea na kuanza kudanganya.

Kisha akamwita dada mmoja wa kundi la waigizaji, aliyevaa kanga nyekundu, asimame katikati ya mianga miwili. Kwenye kitambaa cheupe rangi zilikuwa pacha. Kwenye kanga zikaachana: upande wa taa mpya wekundu ulizimika ukaelekea hudhurungi, na shavu la yule dada likaonekana limepauka. Balbu ya gesi haina nyekundu ya kutosha, na vichujio kazi yake ni kupunguza. Haviwezi kutoa kisichokuwamo. Fundi akaongeza majenta na manjano, akakubali kitambaa cheupe kisilingane, mradi ngozi ilingane. Ndivyo afanyavyo fundi cherehani anayetoka na kitambaa mlangoni, auchague uzi kwenye jua.

Kutia mwanga rangi ni jambo la kale. Mwaka 1545 Mwitalia Sebastiano Serlio aliandika namna ya kuweka vyombo vya kioo vyenye vimiminika vya rangi mbele ya moto wa taa. Baadaye ikaja jeli ya gelatini, halafu ya plastiki. Mwaka 1981 taa za Vari-Lite ziliingia katika ziara ya bendi ya Genesis, na ikawa rahisi zaidi kubadilisha rangi papo hapo bila mtu kupanda ngazi. Ulikuwa ujio mzuri, na sina neno nao.

Neno langu ni kwa uvivu uliofuata. Siku hizi mwendesha taa anaandika namba ya jeli kwenye mashine, mashine inampa mchanganyiko, naye anaendelea na mengine. Namba haijui kwamba balbu imechakaa, wala kwamba jeli ya buluu imepaushwa na joto. Haijui kwamba halojeni ikipunguzwa nusu hugeuka kaharabu, ilhali taa ya gesi, inayopunguzwa kwa kuzibwa, hubaki na rangi ileile. Namba ni pa kuanzia, nasi tumeifanya pa kukomea.

Taa za LED zimekuja na rangi nyingi zaidi, na halojeni zinaondoka. Mwaka 2018 watu wa tamthilia wa Ulaya walizitetea taa zao dhidi ya kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zilizotishia kuziondoa, wakasikilizwa. Kwetu hakuna aliyezisemea. Ukumbi mmoja niliouzoea umezing'oa zote, na makasha ya jeli yakatupwa pamoja nazo. Kijana anayejifunza pale leo analinganisha rangi na kitu ambacho hajawahi kukiona.

Enyi wasimamizi wa kumbi, kabla hamjaing'oa ya mwisho, bakizeni japo taa mbili za halojeni na kasha moja la jeli. Na mumpe kijana wenu wa taa jioni nzima ya kulinganisha, mwigizaji akiwa amesimama jukwaani, kabla ya mazoezi ya mwisho.