Tofali la Tosamaganga

Ukishapanda kilima cha Tosamaganga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, usianze kutazama juu. Tafuta ukuta mkongwe ambao haukupigwa lipu, usogee karibu, ukae na tofali moja. Rangi yake si moja: upande huu limeiva likawa jekundu la kahawia, upande ule limepauka pale lilipobanana na wenzake tanuruni. Usoni mwake kuna michirizi ya nyasi lililolazwa juu yake lingali bichi. Ukipata bahati utaona na alama ya kidole cha aliyelibeba kabla halijashika. Jina lake halikuandikwa popote, lakini kazi yake unaigusa.

Mimi naamini mgeni anayezuru mahali patakatifu hajamaliza kutoa heshima zake mpaka awatazame waliopajenga. Adabu za kawaida tunazijua. Hapa watu wanasali, wanasoma, wanauguza wagonjwa, kwa hiyo piga hodi, eleza shida yako, omba ruhusa. Mabega yafunikwe, kamera ikae mfukoni wakati wa misa. Mzee wa Kihehe akikwambia “Kamwene”, mrudishie “Kamwene”. Sista akikusalimu “Tumsifu Yesu Kristo”, sema “Milele, amina”. Baada ya hapo utaachwa utembee kwa utulivu, na kilima hiki kina utulivu wa kutosha.

Misheni ilianzishwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, siku ambazo kumbukumbu ya vita vya Wahehe na Wajerumani ilikuwa mbichi. Ngome ya mawe ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, si mbali na hapa, ilikuwa imeangushwa tarehe 30 Oktoba 1894. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1919 wakaingia wamisionari wa Konsolata kutoka Italia. Kwa muda mrefu Tosamaganga ilikuwa moyo wa Ukatoliki wa nyanda hizi. Vitabu vya historia huwataja mapadre na maaskofu, nami siwanyimi sifa yao. Ila tofali halikuja na meli. Udongo ulichimbwa hapahapa, ukakanyagwa kwa miguu ya watu wa hapahapa, ambao nyumba zao wenyewe zilikuwa tembe za miti na udongo.

Ufundi wenyewe haujafa. Shuka bondeni wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hivi, mvua zikishakatika, utawakuta mafundi karibu na maji. Kazi inaanza na kuchagua udongo. Ukizidi mfinyanzi, tofali litapasuka likikauka. Ukizidi mchanga, litamong’onyoka. Wengine huusifu udongo wa kichuguu, maana mchwa wameshauchekecha. Unamwagiwa maji, unalazwa, kesho yake unakanyagwa mpaka mabuje yote yaishe. Ndipo inakuja kalibu. Fundi anailowesha, anachota bonge la udongo na kulipiga ndani kwa nguvu moja ili lifike pembeni zote, anakwangua juu, anainyanyua kalibu wima. Tofali linabaki chini limekaa sawasawa. Huko ndiko kufyatua, na mikono iliyozoea haisiti hata mara moja.

Kinachonishangaza zaidi ni kungoja. Tofali bichi hufunikwa nyasi ili jua lisilikaushe nje upesi kuliko ndani. Likianza kushika husimamishwa kwa ubavu, halafu hugeuzwa, halafu hupangwa kwa nafasi upepo upite. Wiki mbili, tatu, na penye baridi kama ya Mafinga hata zaidi. Mwenye haraka hulipeleka motoni na unyevu wake, likapasukia humo humo. Nilimuuliza fundi mmoja mzee, “Shikamoo baba, unajuaje kuwa limekauka?” Akaitikia marahaba, akachukua tofali, akalivunja katikati. “Tazama moyo wake, mwanangu. Ukiona weusi, bado.” Alikuwa tayari kupoteza tofali zima ili ajue hali ya mengine.

Tanuru nalo hujengwa na matofali yenyewe, chini yakiachwa matundu ya kuingizia kuni, nje likikandikwa tope moto usitoroke. Moto wa kwanza ni mdogo, wa kufukuza maji yaliyobaki, na juu hufuka mvuke mweupe. Mvuke ukikoma, magogo huongezwa usiku na mchana mpaka ndani pawe pekundu. Kisha midomo huzibwa, na kungoja kunaanza upya, siku kadhaa, lipoe lenyewe. Chuma kilichomo udongoni ndicho kinacholipa tofali wekundu wake. La karibu na moto huwa jeusi na gumu mno, la pembezoni hubaki laini. Fundi mzuri huyatenga. Anagonga mawili: lililoiva hulia kama chuma.

Ufundi huuhuu ndio ulioinua mahekalu makubwa ya Wabudha. Huko Anuradhapura, Sri Lanka, ipo Jetavanaramaya, kuba iliyoanzishwa na Mfalme Mahasena karne ya 3. Inakadiriwa ilikula matofali ya kuchoma zaidi ya milioni 90, na kimo chake kilifika mita 122 hivi. Mahujaji huvua viatu kabla ya kuisogelea. Milioni tisini, na kila moja liliwahi kuwa tope mkononi mwa mtu.

Kwetu kila upande una namna yake. Mufindi, palipo na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mabanzi ya viwanda vya mbao yanafaa kuchomea. Bonde la Usangu, Mbeya, pumba za mpunga huwaka taratibu na kuokoa miti, jambo ambalo ningependa lienee, kwa maana tanuru hula msitu. Rungwe, walikofika Wamoravian mwaka 1891, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na tofali bichi bila banda hurudi kuwa tope.

Nina ombi kwa wanaotunza majengo ya aina hii, ya Tosamaganga na kwingineko. Ukuta mkongwe ukichakaa, msikimbilie kuupiga lipu ya saruji. Saruji ni ngumu na haipumui. Maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, yakalila tofali kwa ndani huku nje pakionekana papya. Chokaa na mchanga huacha unyevu utoke. Na tofali la kuziba pengo halihitaji kuagizwa mbali, maana mafundi wa bondeni wanafyatua kila kiangazi. Mmoja aitwe, apewe tofali la zamani mkononi, aligonge, apime urefu na unene wake, kisha achonge kalibu ya kipimo hicho hicho. Na apewe muda wa kukausha.