Kafu Kwanza, Kifungo Baadaye

Jumamosi za Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Mikumi, harusi hazikosekani. Vijana wanarudi kutoka Kariakoo na suti begani, na kwenye mfuko mna kijisanduku: tai, leso ya mfukoni, na vifungo viwili vya kafu vinavyometameta kuliko bwana harusi mwenyewe. Shati bado halijafikiriwa.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Shati la kawaida lina kishikizo upande mmoja na tundu upande wa pili, kwa hiyo kifungo cha kafu hakina pa kuingia. Kafu ya kukunja inataka matundu manne kila mkono, yote yakae mstari mmoja. Tundu moja likipotoka kidogo tu, mkunjo unavutika na kafu inakaa upande. Fundi hodari huikunja kwanza, akaipiga pasi, ndipo akatia alama za chaki. Tundu hulishona likiwa zima, kulipasua huja mwisho. Namsifu huyo kabla ya sonara yeyote, maana kazi yake ikishavaliwa haionekani, na isipofanywa vizuri ukumbi mzima unaiona.

Kuvaa nako kuna adabu yake. Pande mbili za kafu hazipandani, zinakutana kama viganja vilivyobanwa. Kijiti cha nyuma hunyooshwa, kikapita matundu yote manne, kisha kikageuzwa kukingama. Mikono ikining'inia, uso wenye nakshi unatazama nje, si mwilini. Koti liache kafu itokeze sentimita moja hivi. Mkono wa kulia ndio msumbufu, kwani kuufunga kwa vidole vya kushoto peke yake ni kujitafutia jasho. Mwite mpambe.

Sasa uchaguzi. Muislamu anayeshika dini yake hachagui dhahabu, kwa mwanamume ni haramu. Fedha inamtosha na inapendeza zaidi kwenye shati jeupe. Shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu ndiyo ya kuogopwa na wote: joto la Dar na jasho likikutana nayo, rangi hubanduka na kafu hubaki na doa la kijani. Wenye uwezo hupenda tanzanaiti, jiwe lililogunduliwa Mererani mwaka 1967. Ni zuri, lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, na kafu hugonga meza kutwa. Jiwe hilo mpe bibi harusi alivae sikioni.

Mwaka huohuo wa 1967 ndio wa Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere, ambaye nyumba yake hapa Magomeni sasa ni makumbusho, tumemzoea pichani katika suti isiyodai shati la kafu wala tai. Wengi wa rika lile walimfuata, na sioni kama walipungukiwa na kitu. Kanzu ya Kiomani nayo, yenye shada lake shingoni, haijui vifungo hivi. Vinarudi kwenye kanzu za Kisaudia zenye kola na kafu, ambazo vijana huzivaa Idi.

Mimi ningechukua vile vya bei ndogo kabisa: vishikizo viwili vilivyovishwa kitambaa, vikaunganishwa kwa uzi mnene uliozungushwa shingo ikasimama. Fundi anavishona wakati unasubiri, kwa rangi ya gauni la bibi harusi, na havina cha kubanduka kwa jasho.

Limebaki la walima. Kafu iliyofungwa haipandi juu ya kifundo, na pilau huliwa kwa mkono. Watu hukifungua kifungo sinia likishatua, wakakiweka mkekani, na ndiyo maana kinachopotea karibu kila mara ni cha kulia. Kivue kabla hujanawa, ukitie mfuko wa ndani.