Pembe ya Warega na Jade ya Wachina

Ukivuka Lualaba kutoka Kindu hadi Alunguli, kisha ukashika njia ya Kalima na Pangi, unaingia nchi ya Warega. Huko ndiko kulikotoka vile visanamu vya pembe ya ndovu vinavyotunzwa leo Tervuren, Ubelgiji, na katika makumbusho mengine ya Ulaya na Marekani. Vingi vinaenea kiganjani. Vilichongwa kwa ajili ya bwami, chama cha hekima na maadili, na vile vya pembe vilikuwa vya kindi, daraja la juu kabisa. Ukindi haukupatikana kwa vita. Mtu alipanda daraja baada ya daraja, akifunzwa, akitoa mali, akichunguzwa tabia.

Kitazame kimoja, wenyewe hukiita iginga. Uso una umbo la moyo, umebonyea kuanzia paji hadi kidevuni. Pua ni mstari mwembamba, macho ni ufa tu, au duara lenye nukta katikati. Mikono imedokezwa kwa mchirizi mmoja, pengine haipo kabisa. Mwenye haraka atasema fundi alichoka. Mimi nasema fundi alijua pa kuachia, na katika pembe hilo ni jambo gumu, maana kilichokatwa hakirudi. Pembe ikikauka upesi hupasuka. Upande wa shina ina uwazi ndani, kwa hiyo mchongaji lazima aujue unene wake kabla ya kugusa tezo. Baada ya tezo huja kisu, na baada ya kisu huja majani makavu yanayokwaruza kama msasa, ya kusugua hadi alama za kisu zipotee.

Hapo kazi ya fundi imekwisha, lakini kisanamu bado. Mwenye nacho hukipaka mafuta kama anavyojipaka mwilini anapokwenda kwenye ngoma ya bwami. Akifa, hukirithi mwingine, naye hukipaka na kukishika. Ni mikono hiyo, kizazi baada ya kizazi, iliyogeuza weupe wa pembe kuwa manjano ya asali na wakati mwingine wekundu. Rangi inayowavutia sana wakusanyaji wa Ulaya haikutoka karakanani.

Tena kuna maneno. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Warega miaka ya 1950 na kutoa kitabu cha Lega Culture mwaka 1973, alikusanya methali kwa mamia zinazokwenda na vitu hivi. Sakimatwematwe, kisanamu chenye nyuso nyingi, hufundisha habari ya mtu anayetazama pande zote kabla ya kuamua. Mwalimu mwingine, siku nyingine, aweza kukichezea funzo tofauti. Asipokuwapo mwalimu, unabaki na kitu kizuri kilicho bubu.

Nikifikiria jade ya Wachina naona undugu. Jade ni jiwe gumu kuliko kisu, kwa hiyo halichongwi bali husagwa kidogo kidogo kwa maji na mchanga mkali. Nalo hushikwa mkononi na kufananishwa na tabia ya muungwana. Mafundisho hayo Wachina huyahusisha na Confucius. Katika karne ya 18 Cao Xueqin alitunga riwaya ambayo shujaa wake, Baoyu, anazaliwa na kipande cha jade kinywani. Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wana shujaa wao Mwindo, aliyesimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956: anatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, tayari anatembea na kusema, mkononi ana usinga wake, conga. Watunzi hawa hawakujuana, na kila mmoja aliona shujaa wa maajabu hawezi kuja duniani bila kitu. Naamini hiyo ni heshima kubwa kuliko zote ambazo msimulizi amewahi kumpa fundi.

Mkoa huu wa Maniema umepoteza pembe nyingi. Siku za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, pembe ziliondoka Kasongo zikiwa ghafi hadi Zanzibar, na nyingi ziliishia kuwa vibao vya piano ughaibuni. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikapiga bwami marufuku. Ndovu waliobaki tuwaache na pembe zao. Mti unatosha: lukwakongo, kinyago kidogo cha watu wa daraja la yananio, ni cha mti na hakipungukiwi na chochote.

Kinachoweza kuokolewa sasa ni maneno. Kijana wa Kindu, kama una babu au bibi Pangi aliyepita katika bwami, nenda ukakae naye. Muulize alivyofundishwa, umrekodi kwa simu akikuruhusu. Atakachokataa kukisema, kiache kwake. Vitu vyenyewe viko Tervuren na vinalindwa vizuri. Wazee hawa hawana wa kuwatunzia maneno yao, nenda likizo hii.